Panga Mbili za Mjomba wa Getini

3 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Kwanza ujue kwamba barua hii inatoka kwa mtu ambaye bila yeye mji mzima ungelala chini. Siongezi chumvi. Magodoro ya hospitali, ya hoteli, ya bweni la wasichana, hata lile analolalia mkuu wa polisi, yote yanatoka kwenye geti langu, na godoro halitoki mpaka mimi niinue mkono. Mkurugenzi anaweza kusaini karatasi mpaka wino umkaukie. Mkono huu usipoinuka, watu wanalala kwenye mkeka.

Marahaba. Najua umeshaniamkia moyoni, hata kama siku hizi kalamu yako ni nzito. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako anasumbuliwa na magoti yale yale, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Binamu yako amepata kazi ya kuendesha gari la maji, na tangu apate hiyo kazi nyumba yetu haina maji, kwa sababu anasema si adabu kujipendelea. Paa la jikoni linavuja upande wa kushoto. Nimeweka sufuria.

Kuhusu ile siku tulipoongea kwa simu. Uliposikia kicheko, ilikuwa redio ya jirani. Tuache hapo hapo.

Sasa neno lenyewe. Nimeagiza panga. Si panga za kukatia majani, usinielewe vibaya. Ni jozi ya panga za Kijapani, mrefu na mfupi, zilizopinda kidogo kama nyusi za mtu anayeshangaa. Na si za dukani zinazoning'inia zikisubiri yeyote. Hizi ni za kutengenezewa kwa kipimo changu mimi. Karani wa stoo ana kompyuta, tukakaa naye wakati wa mapumziko ya chai tukafungua lile duka la mtandaoni. Linauliza maswali kama hakimu: mteja ana urefu gani, uzi wa mpini uwe rangi gani, kikingio cha mkono kiwe na umbo gani. Nimechagua uzi mweusi na mwekundu. Kikingio nimechagua chenye joka, ingawa karani anashikilia kwamba yule ni mjusi. Wenyewe wameandika kwamba chuma chao kimekunjwa mara elfu.

Utajiuliza Mjomba anajua nini kuhusu panga. Ulikuwa mdogo alipokuja yule mhandisi mgeni kufunga mashine ya kukatia sponji. Siku moja aliniona nikikata kamba ya mzigo kwa kisu, pigo moja. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia ni kipaji. Yule mtu alilia. Alitoa leso kabisa.

Zikifika nitakuletea picha, na wewe kwa kuwa nasikia unajifunzajifunza mambo hayo huko uliko, utazitazama useme unaonaje. Si kwamba nahitaji. Ni kukupa heshima tu.

Mjomba wako,
Mkuu wa Geti

*

26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikaa siku nyingi kwa dobi wa chini kabla hajakumbuka kunipa, kwa hiyo nisamehe. Mimi mzima. Nilihamia chumba hiki kilicho juu ya dobi kwa sababu sakafu ina joto la pasi mchana kutwa na huku kwetu baridi haina mchezo. Kazini tunatengeneza matangi ya mvuke. Mimi huingia ndani ya tangi nikachomelea nyufa, kwa kuwa mimi ndiye mwembamba kuliko wote. Nikitoka nakuwa mweusi kama sufuria yako ya jikoni. Msalimie mkaza mjomba. Mwambie magoti yapakwe joto, si baridi.

Simu yangu haijaharibika, Mjomba. Na redio huwa haisemi "upanga kwa mwanamke ni sawa na ndevu kwa kuku." Lakini umesema tuache, nimeacha.

Sijifunzijifunzi. Ninajifunza. Ni mwaka wa pili sasa, jioni mbili kwa wiki, katika ukumbi uliokuwa ghala la matairi. Mwalimu wetu ni mama mfupi aliyestaafu ukunga, na upanga anaushika kama alivyokuwa akishika watoto: kwa nguvu ya kutosha wasianguke na kwa ulegevu wa kutosha wapumue. Mwaka wa kwanza wote tulishika panga za miti tu.

Umeniomba nitazame, nami nitatazama, ila picha haitoshi. Panga zikifika, kabla hujarusha hata moja hewani, fanya hivi. Kwenye mpini kuna kijiti kidogo cha mwanzi kilichopita upande hadi upande. Kisukume kitoke. Kisha uvue mpini, na uangalie kile chuma kinachoingia ndani yake. Sisi tunakiita mkia. Lazima uwe ni chuma kile kile cha upanga, kipande kimoja, mpana, unaofika mbali ndani ya mpini. Ukiona mkia mwembamba, au ukiona mahali palipochomelewa, huo upanga ni wa kutundika ukutani. Usiuguse tena.

Mambo ya kukunjwa mara elfu usiyasumbukie. Hata unga haukunjwi mara elfu.

Na swali moja: kwenye urefu, uliandika ngapi?

Mpwa wako

*

8 Aprili

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, na marahaba ya zamani iliyobaki. Sisi wazima. Paa la jikoni sasa linavuja upande wa kulia pia, yaani limepata usawa. Binamu yako ametuletea maji mara moja, tukapika kwa sherehe.

Zimefika. Zilikuja ndani ya sanduku refu kiasi kwamba dereva wa mizigo alidhani ni marehemu. Alivua kofia. Nikalifungulia pale pale getini, wafanyakazi wa zamu ya mchana wamejaa, malori matatu yanapiga honi na mkono wangu haujainuka. Nilipotoa upanga mrefu, fundi wa mashine ya sponji alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Ala yake nyeusi inang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu. Uzi umesukwa kama nywele za bibi harusi. Mfupi nao ni mtoto wake kabisa, sura moja.

Mkurugenzi mwenyewe akashuka kwenye gari lake. Akauliza: "Mzee, hii nini?" Nikamwambia ni jambo la kifamilia, tumekuwa tukishika panga kizazi hadi kizazi. Akasema kiwanda kinatimiza miaka yake mwishoni mwa Juni, watu watakuja na familia zao, na amechoka na waimbaji wale wale. Je, naweza kuonyesha kitu? Nikamwambia, "Bosi, nisimamishie godoro la unene wa mwisho kabisa mnalolitengeneza, nitaligawa vipande viwili kwa pigo moja, kila nusu isijue mwenzake ameondoka saa ngapi." Akacheka. Ameshaliandika kwenye ratiba: Onyesho la Upanga. Watoto wa wafanyakazi watawekewa viti mbele ili waone vizuri.

Yale uliyoniagiza nimeyafanya yote. Kijiti kilitoka chenyewe kwa heshima, na mkia niliuona kwa macho yangu, mpana, mnene kama mkono wa mtoto, chuma kimoja, unafika mwisho wa mpini na kama ungeachiwa ungeendelea. Kwa hiyo upande huo funga faili.

Nimeambatanisha picha nne alizopiga karani. Mimi ndiye niliyevaa kofia.

Mjomba wako,
Mkuu wa Geti na sasa wa Panga

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine)

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako. Nimepewa barua hii nikaitie stempu. Hajafungua mpini wowote, nilikuwepo. Alijaribu kukisukuma kile kijiti kwa mpini wa mswaki, mswaki ukavunjika, akasema huo ndio uthibitisho wa ubora. Na ule mrefu hawezi kuutoa alani peke yake. Mikono yake haifiki. Kwenye kompyuta alijiandikia urefu wa kaka yake marehemu akaongezea na buti. Mpaka mimi nishike ala huku, yeye avute kule, kama tunavutana kamba. Mungu hakuniumbia magoti haya kwa kazi hiyo. Usimwambie nimesema.

*

29 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimepokea barua, nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi nilikuwa na homa kidogo, imepita. Mwalimu aliniletea supu akakaa kitandani akanikagua ulimi kama mimi ni mja mzito. Kazini tangi kubwa la pili limepasuka mshono, tutakuwa nalo hadi Julai, na likizo zote zimefungwa.

Picha nimezitazama, na nimempa mwalimu naye atazame. Nitakuambia tulichoona, na sikuambii kwa kujua sana. Wewe ndiye uliyeniomba.

Upanga mfupi kwenye picha ya tatu, ule mstari wa mawimbi karibu na makali haulingani popote. Mahali pengine mpana, mahali pengine unafifia. Hiyo ni dalili nzuri. Ni mstari unaoletwa na moto na maji, na moto haujirudii. Upanga mrefu mawimbi yake yamelingana yote, kama pindo la pazia. Mwalimu anadhani yamechorwa kwa dawa. Tena uzi wa mpini wake umelegea pale mwishoni. Na kwa urefu ule, angetarajia vijiti viwili vya kushikilia. Yeye anaona kimoja. Anasema inaonekana jozi hii haikuzaliwa na mama mmoja.

Na nyingine ni hii: katika picha zote nne, upanga mrefu umetoka alani nusu tu. Sijaambiwa na mtu. Naona tu.

Mjomba, nikusimulie kitu. Mwaka jana kijana mmoja alikuja ukumbini na upanga mpya wa mtandaoni. Mzuri, unang'aa. Mwalimu akamwambia asiutumie kabla haujafunguliwa, naye mwalimu alipogeuka kuchukua miwani, kijana akajaribu pigo moja tu. Mpini ulibaki mkononi. Upanga ulikwenda. Ulipita ukumbi mzima ukachoma ukuta juu ya rafu ya viatu. Mimi ndiye niliyetoka pale kwenye rafu, ndiyo kwanza nimeweka kiatu cha pili. Baadaye nikaokota kile kipande kilichobaki ndani ya mpini. Ilikuwa fimbo nyembamba ya chuma laini, imegandishwa kwenye upanga na mtu aliyekuwa na haraka. Kuchomelea ni kazi yangu, Mjomba. Mshono ule nisingeuachia hata kwenye mguu wa meza.

Umeniandikia kwamba mkia umeuona. Sawa. Mimi nakuuliza jambo jingine tu. Kwenye vile viti vya mbele, umehesabu nani na nani watakaa?

Nicheke utakavyo tena, hata mwaka mzima. Ila usiurushe.

Chiriku

*

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima.

Nimesoma. Nilidhani nimeandika kwa binti wa dada yangu, kumbe nimeandika kwa mahakama. Mimi nimelinda geti la kiwanda tangu wewe unakula udongo. Nimewahi kusimamisha lori lisilo na breki kwa kulitazama. Leo mkunga na mtoto niliyembeba mgongoni wanatazama karatasi yenye picha na kuniambia joka langu halina mama.

Kuna mtu ndani ya nyumba hii anatumia stempu zangu vibaya. Nimeshamjua. Magoti yake hayamzuii kufika posta.

Onyesho lipo pale pale. Nimeshasema, na maneno yangu si maji ya binamu yako kwamba leo yaje kesho yasije. Kiwanda kizima kinanisalimia kwa kuchomoa mkono kiunoni. Hata mpishi wa kantini. Unataka niwaambie nini? Kwamba Mzee ameogopeshwa na barua?

Viti vya watoto nimesema visogezwe nyuma kidogo. Ni kwa sababu ya jua.

Mjomba wako

*

9 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimepiga simu Jumapili, na Jumapili iliyofuata, na Jumatano saa ya chai nikijua uko getini. Iliita mpaka ikachoka. Sijui kama mko wazima, natumaini mko wazima.

Nilimwomba msimamizi wa karakana ruhusa ya kuja. Hakuniruhusu, na simlaumu. Tangi limefunguliwa, nikiondoka hakuna anayeingia. Kwa hiyo badala yangu anakuja huyu aliye ndani ya kifurushi. Ni nyundo ndogo ya shaba na kisukumio chake, nimekichonga mwenyewe kwa kipimo cha kile kijiti kinavyoonekana kwenye picha. Weka mpini juu ya kitambaa. Kijiti kina upande mwembamba na upande mnene. Gonga kwenye mwembamba, taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Kikitoka, shika mpini kwa mkono wa kushoto, makali yakitazama mbali nawe, na ugonge ngumi hiyo kwa ngumi ya kulia. Upanga utalegea wenyewe. Fanya kwa ule mrefu. Na ule mfupi pia.

Mama angekuwa hai angekuja kukuvua huo upanga kiunoni mbele ya mkurugenzi wako, na wewe ungemwambia "naam dada" ukanyamaza. Mimi sina hiyo nguvu. Mimi kwako ni mtoto, na najua mtoto hamwamuru mjomba.

Kwa hiyo sikuamuru. Wala sikuombi uniambie umeona nini. Sikuombi uniandikie kwamba nilikuwa sahihi. Sitauliza. Fungua tu, utazame, kisha ufanye utakalo.

Chiriku wako

*

5 Julai

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba nyingi, zote ulizokosa kwenye simu. Tuko wazima, namaanisha kweli. Kiwanda kizima kiko kizima, wakubwa kwa watoto. Hilo nimelitanguliza kusudi upumue kabla hujaendelea kusoma.

Ulisema hutauliza. Mimi nitasema, maana tangu lini nikanyamaza.

Kifurushi chako kilifika Alhamisi, sherehe ni Jumamosi. Nilikiweka chini ya kiti changu getini nikakikalia asubuhi yote kama kuku. Ilipofika chai nikamwita karani wa stoo, nikamwambia, "Njoo ushuhudie ubora." Nilisema hivyo, ubora. Tukatandika koti langu mezani. Nikagonga ulivyoniagiza. Mara ya kwanza niligonga kidole. Mara ya pili kijiti kikatoka. Nikashika kwa kushoto, nikapiga ngumi juu ya ngumi, na mpini ukavuka kama kofia.

Chiriku, mkia ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Mwembamba kama msumari wa kitanda. Na pale ulipogandishwa kwenye upanga, mimi si fundi, lakini niliona aibu kwa niaba ya ukoo wenu wote wa wachomeleaji. Kama kinyesi cha mjusi. Karani akaushika ule msumari kwa vidole viwili, wala hakuuvunja, aliutikisa tu kama anavyotikisa kalamu. Ukabaki vidoleni mwake.

Karani akatazama nje dirishani. Pale kwenye nyasi walikuwa wameanza kupanga viti vya watoto, vile vidogo vya plastiki, vya rangi rangi. Nilikuwa nimesema visogezwe nyuma. Vilikuwa vimesogezwa, lakini si sana.

Nikabaki nikivihesabu. Malori yakapiga honi. Karani ndiye aliyekwenda kuinua mkono, na geti likafunguka vizuri tu.

Kisha tukafungua ule mfupi. Huo, mpwa wangu, mwalimu wako ana macho. Mkia mpana, chuma kimoja, umepigwa alama za tupa ndani ambako hakuna mnunuzi atakayetazama. Aliyeutengeneza aliufanyia kazi hata gizani. Wenye duka wamemtwaa mtoto wa fundi mmoja wakamfungia kamba na mtoto wa tapeli, wakaandika jozi. Tumewaandikia, mimi nikitamka na karani akiandika, maneno mengine aliyakataa. Hawajajibu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi siku hiyo hiyo. Akanitazama. Akasema, "Mzee, ratiba imeshachapwa." Nikamwambia, "Nitapanda jukwaani. Ila godoro litabaki zima." Akasema fanya unavyojua, muziki utakuwa tayari ukikwama.

Jumamosi nikapanda. Nilivaa lile koti. Vipande vya upanga mrefu nilivibeba kwenye sinia ya kantini, na mpishi alinifuata kwa nyuma akiogopea sinia yake. Watu wakapiga miluzi. Mmoja wa kupakia mizigo akapaza sauti, "Mzee, kata godoro bwana, tumekuja na njaa!" Nikamjibu, "Magodoro umeyabeba mwenyewe wiki nzima, mgongo unakuuma hadi leo, halafu unataka mimi nikate moja? Wewe una akili?" Wakacheka, nikapata nafasi ya kuitua sinia.

Nikawaambia kwamba huu ndio upanga niliokuwa niutumie. Nikainua mpini mkono huu na upanga mkono huu, vimeachana. Nikawaonyesha msumari. Nikawaambia kama ningepiga, hiki kingebaki kwangu na hiki kingekuja kwenu. Sikuonyesha kwa kidole kingekuja kwa nani. Mama mmoja wa kushona mifuniko alisimama tu, akamchukua mtoto wake kutoka kiti cha mbele, akampakata. Upanga umesharudi kwenye sinia, hauna hatari tena, na bado alimchukua.

Basi nikawafundisha. Kijiti, mkia, mawimbi yaliyochorwa na mawimbi ya moto. Nikawaonyesha mfupi, nikawaambia watazame tofauti. Nilisema maneno yako, nilikuwa nimeyakariri, na pale niliposahau niliongeza ya kwangu, nawe utanisamehe kama kuna mtu hapa mjini sasa anaamini panga huchemshwa kwenye maziwa. Mwishoni mkurugenzi akaniuliza kwenye kipaza sauti, haya yote nimejifunzia wapi, ni kwa yule mhandisi? Nikasema hapana. Nikasema nimefundishwa na binti wa dada yangu. Ni fundi wa kuchomelea, anaingia ndani ya matangi, na upanga anaujua, anajifunza mwaka wa pili, si mchezo. Nilisema mara mbili kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kinakatika.

Walipiga makofi mpaka sponji zikaruka. Haya, walipiga makofi ya kawaida. Ila yule mama aliyempakata mtoto alipiga hadi mwisho.

Simu zako nilizisikia. Zote. Nilikuwa naitazama simu ikiita. Kwenye karatasi naweza kukuambia mkia ni mnene kama mkono wa mtoto, karatasi haina macho. Ungeniuliza kwa sauti yako ile, ya mama yako, ningesema kweli palepale, na sikuwa tayari. Piga Jumapili hii. Nitapokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, na redio nitakuwa nimemwomba jirani aizime.

Tangi lenu likifungwa, njoo. Mkaza mjomba wako amerudishiwa stempu zake, anakusalimu kwa mdomo wake mzima. Mfupi nimeupaka mafuta nimeufunga kwenye kitambaa, sijaurusha hata kidogo. Unakusubiri wewe uushike useme, kwa mkono si kwa picha.

Kuna jambo moja limebaki, dogo. Mkaza mjomba wako usimwambie, anaamini jioni za Jumanne nakwenda kikao cha walinzi. Hapa mjini kuna darasa kama lenu, juu ya duka la viatu. Nimejiandikisha. Karibu wote ni wanawake, na upanga wa mti niliopewa ni wa kipimo cha urefu wangu, ule wa kweli. Siku ya kwanza mwalimu alituambia tupige magoti, tukalie visigino, tutulie. Nilitulia kuliko wote, nilisifiwa mbele ya darasa. Kisha akasema, simameni. Wakasimama. Mimi nikabaki pale pale nikitazama mbele kama mtu anayetafakari. Ilibidi washonaji wawili wa kiwandani walio darasani waje wanishike, mmoja kila kwapa, wakanipeleka mpaka kwenye benchi miguu ikiburuta. Niliwaambia ni jeraha la zamani la kazini.

Hakuna jeraha. Miguu ilikuwa imekufa ganzi tu.

Mjomba wako